Kuotesha na kuchanusha kampanula ya Karpatia kwenye bustani ya mawe, Kigoma na Tabora

Kampanula ya Karpatia, ambayo kitaalamu huitwa Campanula carpatica, inakubali kuota kwenye vilima vya Kasulu na Buhigwe, na hata Tabora mjini ikipata mtu wa kuiangalia. Majani yanakuja, kichaka kinanenepa, mawe yanafunikwa vizuri. Maua ndiyo hayaji. Mwenye bustani anasubiri mwaka wa kwanza, anasubiri wa pili, mwisho anaing'oa akisema ni ua la nchi za baridi. Nasikitika kila ninapoona miche mizuri ikitupwa kwa sababu hiyo, maana baridi si tatizo lake. Tatizo ni urefu wa mchana, na dawa yake ni balbu moja ya taa ya kawaida. Ukiongeza na kitanda kisichotuamisha maji, umemaliza sehemu kubwa ya kazi.

Nitaeleza hatua kwa mpangilio wa kazi yenyewe, lakini kwanza mmea ufahamike, kwa sababu kila hatua inatokana na kwao ulikotoka.

Milima ya Karpatia iko Ulaya ya kati na mashariki, inapita Slovakia, Polandi, Ukraine na Romania. Huko kampanula hii hukaa kwenye nyufa za miamba, mara nyingi miamba ya chokaa, mizizi ikiwa imejichimbia ndani kwenye ubaridi na majani yakiwa juani. Mtaalamu wa mimea Nikolaus Joseph von Jacquin ndiye aliyeipa jina la kitaalamu, mwaka 1770. Ni mmea mfupi wa kudumu, sentimita 15 hadi 30, wenye majani madogo ya umbo la moyo na maua ya buluu, zambarau au meupe yanayotazama juu, upana wa sentimita 3 hadi 5. Kwenye ukoo wake wapo wenyeji wetu pia: Canarina eminii wa misitu ya milimani Afrika Mashariki, anayening'iniza maua ya rangi ya chungwa, na lobelia wakubwa wa Kilimanjaro. Kwa hiyo tusiuone kama mgeni kabisa.

Kwa nini hauchanui

Karpatia iko karibu nyuzi 48 kaskazini ya ikweta. Mwezi Juni mchana wa huko hufika takriban saa 16. Mmea umezoea kuanza kutoa maua pale tu mchana unaporefuka hivyo. Ukibaki chini ya hapo, unaendelea kutoa majani, hata uwe na afya namna gani na hata uulishe mbolea gani.

Kasulu na Kigoma ziko kati ya nyuzi 4 na 5 kusini ya ikweta. Mchana wetu una urefu wa karibu saa 12 mwaka mzima, na tofauti kati ya mchana mrefu wa Desemba na mfupi wa Juni ni kama nusu saa tu. Kwa mmea huu, kwetu hakuna majira ya kuchanua.

Jambo jema ni kwamba hauhitaji mwanga mkali wala mwingi wakati wa usiku. Jani lina kemikali inayoitwa fitokromu, inayohisi hasa mwanga mwekundu, na kwa hiyo mmea unapima urefu wa giza. Giza likifupishwa, au likikatwa katikati kwa mwanga hafifu, mmea unaona kwamba msimu umefika. Jambo jema la pili ni kwamba aina hii, tofauti na ndugu yake Campanula persicifolia anayedai majuma mengi ya baridi kali kabla ya kuchanua, haihitaji kupitia baridi hata kidogo. Ndiyo maana nakushauri ununue carpatica na si kampanula yoyote utakayoona kwenye picha.

Kuchagua mahali

Mwinuko una maana kubwa. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Ujiji na Kigoma mjini joto la usiku halishuki sana. Heru Juu, Manyovu na sehemu za juu za Kasulu ni nafuu zaidi. Tabora ipo kama mita 1,200, mchana wake wa Septemba na Oktoba ni mkali mno, lakini usiku wa Juni na Julai una ubaridi ambao mmea huu unaupenda. Joto haliuzuii kuchanua, ila linapunguza ukubwa wa ua. Anayeishi kando ya ziwa aupande kwenye vyungu vya udongo anavyoweza kuvisogeza kivulini mchana, na akubali maua madogo kidogo.

Ndani ya kiwanja chako tafuta upande unaopata jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa 8 mchana. Kumbuka kwamba mwezi Juni jua letu linapita upande wa kaskazini, hivyo ubavu wa tuta unaotazama kaskazini ndio unaochomwa. Mimi huchagua ubavu wa mashariki au kusini-mashariki. Ukuta wa nyumba, mwembe wa mbali kidogo, au kichanja cha makuti ya mchikichi vyote vinafaa kutoa kivuli cha alasiri.

Sharti lingine, na usilisahau hadi umeshabeba mawe: pawe karibu na umeme, au karibu na taa ya ulinzi iliyopo tayari.

Kujenga tuta la mawe

Hapa usifanye haraka. Mvua zetu zinaanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili, wakati mwingine Mei, na zinakuja kwa kishindo. Kampanula inavumilia kiu ya siku chache kuliko inavyovumilia shingo la shina, pale linapotokea udongoni, kukaa kwenye maji usiku mmoja na kesho yake na keshokutwa. Miche mingi inayokufa hapa inakufa kwa kuoza shingo, si kwa jua.

Jenga kiangazi, Agosti au Septemba, ili tuta lipigwe na mvua za msimu mzima na lishikamane kabla ya kupanda. Pima eneo la mita 2 kwa mita 1.5, kwa kuanzia linatosha. Chimbua sentimita 20 na ujaze vipande vya tofali za kuchoma, vigae vilivyovunjika au kokoto kubwa. Kama ardhi yako ni ya mfinyanzi, chimba mtaro mdogo wa kutolea maji upande wa chini, la sivyo shimo litageuka bwawa.

Juu ya hapo panga udongo hadi tuta lifike sentimita 60 hivi katikati. Mchanganyiko ninaouamini ni madebe 2 ya udongo wa juu wa shambani, madebe 2 ya mchanga wa mto unaokwaruza, debe 1 la kokoto ndogo na debe 1 la mboji iliyoiva kabisa. Mchanga laini wa ufukweni usiutumie, unagandamana. Na samadi mbichi usiiweke kabisa. Udongo mwekundu wa vilimani kwetu mara nyingi una uchachu, wakati mmea huu umetoka kwenye miamba ya chokaa. Kikombe kimoja cha majivu ya kuni kwa kila debe la udongo, au chokaa ya kilimo kidogo, kinausogeza mahali pazuri. Usizidishe.

Mawe ya kilimani yanatosha, ya mchanga au ya kijivu, mradi yasiwe yale yanayomeguka mkononi. Omba ruhusa kwa mwenye eneo au serikali ya kijiji kabla ya kuyabeba, na mawe ya ufukweni mwa ziwa yaache yalipo, ndiyo yanayoshika ukingo. Jiwe liwe kubwa la kubebwa na watu wawili, likifuatiwa na ya wastani. Mawe madogo matupu huonekana kama kifusi. Kila jiwe lizikwe theluthi yake, na uso wake wa juu uinamie kidogo ndani ya tuta ili maji ya mvua yaelekee kwenye mizizi badala ya kuteleza na kubeba udongo. Simama juu yake: likitikisika, litoe ulipange upya. Kati ya mawe acha nyufa za upana wa kiganja, maana humo ndimo mche utakaa.

Mbegu

Mbegu za kampanula hii huagizwa. Zikitoka nje ya nchi zinahitaji kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea cha nchi zinakotoka. Kwa upande wetu suala hili liko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Ulizia kabla ya kulipia, ili pakiti isizuiliwe njiani. Ukiona pakiti zimeandikwa Blue Clips au White Clips, hizo ni za aina hii hasa, na ndizo rahisi zaidi kwa anayeanza kwa kuwa zinachanua mwaka uleule wa kusia.

Sia mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari. Sababu ni hesabu ya kurudi nyuma: tunataka maua yaje mwishoni mwa Julai na Agosti, kabla ya joto la Septemba. Mvua ya wakati huo itakusumbua, kwa hiyo kitalu kiwe barazani au chini ya paa la plastiki angavu.

Chekecha mchanga na mboji, sehemu sawa, kwa chekecheke laini, kisha mwagia maji yanayochemka na uache vipoe. Hii inapunguza kinyausi, ugonjwa unaoangusha miche michanga kwa usiku mmoja. Jaza trei au kopo pana lenye matundu chini, sawazisha, loanisha.

Mbegu ni ndogo mno. Gramu moja ina maelfu. Zichanganye na kijiko cha mchanga mkavu mlaini ili uone unapozimwaga, nyunyiza juu, na usizifukie. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanafunika udongo kwa mazoea ya mchicha. Mbegu hizi zinahitaji mwanga ili ziote. Zibonyeze tu kwa ubao ili zishike udongo. Maji usiyamwage kwa juu. Weka trei kwenye beseni lenye maji ya kina cha vidole viwili, yapande yenyewe hadi uso ulowe, kisha itoe. Funika kwa plastiki angavu na uweke penye mwanga bila jua la moja kwa moja. Kwa nyuzijoto 18 hadi 21 huota ndani ya wiki mbili hadi tatu. Kigoma mjini, trei ikae mahali pa baridi zaidi nyumbani, sakafuni karibu na dirisha.

Zikiota, fungua plastiki kidogo kidogo kila siku. Miche ikifikisha majani manne, hamishia kwenye viriba vidogo, ukichukua fungu la miche mitatu hadi mitano pamoja. Mmoja mmoja ni mwembamba sana na unachelewa kujaza.

Kupandikiza

Mwisho wa Aprili au wiki ya kwanza ya Mei, mvua zikipungua, miche inatoka kwenye viriba. Siku kumi kabla ya hapo ianze kuzoea jua la asubuhi. Panda jioni au siku ya mawingu, umbali wa sentimita 25 hadi 30. Kwenye ufa mwembamba, laza mche ubavu, mizizi ikielekea ndani, kisha fungia kwa kijiwe.

Shingo la mche likae juu kidogo ya udongo, usawa wa kiriba au zaidi, kamwe si chini yake. Halafu zungushia kokoto ndogo unene wa sentimita 2 hadi 3 mpaka chini ya majani. Kokoto hizi zinafanya kazi nyingi kuliko dawa yoyote utakayonunua: zinakausha shingo, zinazuia matone ya mvua kurusha tope kwenye majani, zinatunza ubaridi wa mizizi. Nyasi kavu kama matandazo hazifai hapa, kwa sababu zinashika unyevu na kuficha konokono.

Taa

Kama utafuata sehemu moja tu ya mwongozo huu, fuata hii.

Usiwashe taa mapema. Mche mdogo ukipewa mchana mrefu utatoa maua machache na kuacha kukua. Subiri hadi kichaka kifikie upana wa kiganja kilichofunguliwa. Kwa waliosia Februari, hiyo inaangukia mwanzo wa Juni.

Tumia balbu ya LED ya wati 9, ile ya mwanga wa manjano, si ile nyeupe inayoelekea ubuluu, kwa sababu ya manjano ina wekundu mwingi zaidi. Ining'inize mita 1 hadi 1.5 juu ya mimea. Kipimo changu ni gazeti: ukichuchumaa kwenye tuta na ukaweza kusoma maandishi ya kawaida bila kukaza macho, mwanga unatosha. Taa ndogo za sola za kuchomeka ardhini mara nyingi hazifiki hapo, lakini taa kubwa ya sola yenye betri nzuri inafaa.

Kuna njia mbili za muda. Ya kwanza ni kurefusha jioni. Jua la Kigoma linazama karibu saa 1 jioni, nyuma ya Dar es Salaam kwa takriban dakika 40, hivyo usichukue ratiba ya mtu wa pwani. Washa saa 1 jioni, zima saa 6 usiku. Ya pili ni kukata giza katikati: washa saa 5 usiku, zima saa 9 usiku, kwa taima ya kuchomeka ukutani. Zote zinafanya kazi. Kwa nyumba yenye watu wanaokaa barazani jioni, ya kwanza ni rahisi zaidi kwa kuwa taa inatumika na binadamu pia. Na kama una taa ya ulinzi inayowaka usiku kucha, panda chini yake uishie hapo.

Umeme wake si wa kuogopa. Wati 9 kwa saa 5 ni wati-saa 45 kwa usiku. Kwa siku 60 haifiki uniti 3 za luku. Umeme ukikatika usiku mmoja au miwili endelea tu, mradi isiwe wiki nzima.

Kwenye joto la nyuzi 20 hivi, maua ya kwanza hufunguka wiki ya saba au ya nane tangu siku ya kuwasha. Kabla ya hapo utaona vikonyo vikirefuka kutoka katikati ya majani na vitumba vya mviringo juu yake. Taa isizimwe vitumba vikitokea. Iendelee mpaka wimbi la kwanza la maua lipite, ili vitumba vipya viendelee kuja.

Maji, chakula, wadudu

Kiangazi mwagilia asubuhi, chini kwenye kokoto, si juu ya majani. Ingiza kidole: sentimita 3 za juu zikiwa kavu, mwagilia, zikiwa na unyevu, acha. Mara mbili kwa wiki inatosha vilimani. Kwenye chungu kando ya ziwa, huenda ikawa kila siku.

Mbolea kidogo. Konzi moja ya mboji kuzunguka kila kichaka wakati wa kuwasha taa, basi. Urea itakupa majani marefu yanayolala.

Konokono ndiye adui hasa, na koa pamoja naye. Toka na tochi saa 3 usiku, waokote kwa mkono. Majivu makavu kuzunguka tuta yanawachelewesha hadi yalowe. Vidukari hukaa kwenye vikonyo vichanga. Maji ya sabuni ya kufulia yaliyokolea kidogo, yakipulizwa jioni, yanatosha. Utitiri mwekundu unakuja kwenye ukame na vumbi, hasa Tabora, na unautambua kwa majani kupata madoa madogo ya njano na utando mwembamba upande wa chini. Osha majani hayo kwa maji asubuhi kwa siku kadhaa mfululizo. Nyuki watakuja wenyewe, na kwa watu wa Tabora sina haja ya kueleza kwa nini dawa kali zisipulizwe mmea ukiwa na maua.

Baada ya maua, na kuvuka masika

Kata kila ua linalosinyaa, pamoja na kikonyo chake, kabla halijafunga mbegu. Ukifanya hivyo kila baada ya siku mbili tatu, maua yanaendelea kwa wiki nyingi. Wimbi likiisha, zima taa na punguza kichaka chote hadi sentimita 4 kutoka ardhini. Kitaonekana kama kimekufa, lakini ndani ya wiki chache majani mapya yanafunika mawe tena.

Septemba na Oktoba weka kivuli cha ziada. Kisha Novemba, mvua zikianza, chomeka fito nne na ufunge plastiki angavu kwa mteremko juu ya sehemu iliyopandwa, pembeni kukiwa wazi ili upepo upite. Usiifunge kama hema. Angalia shingo kila wiki. Ukiona majani ya chini yameoza, yatoe kwa mkono na uongeze kokoto.

Kwenye mwaka wa pili au wa tatu katikati ya kichaka huanza kuwa wazi. Mwezi Mei kichimbue, kigawe kwa kisu kikali vipande vyenye mizizi na machipukizi, tupa sehemu ya katikati iliyokuwa ngumu kama kuni, na upande upya. Unaweza pia kuchukua machipukizi ya chini ya sentimita 5 na kuyachomeka kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini; hutoa mizizi kwa wiki tatu au nne. Vipande ndivyo vitakavyofanana na mama yake kabisa. Mbegu za nyumbani zinaweza kukupa rangi na vimo tofauti. Ukizitaka, acha maua machache yakauke, kata vikonyo na uvitikise ndani ya bahasha ya karatasi, uhifadhi pakavu hadi Januari.